Mahindi yavuka mpaka, utafiti waishia langoni

UCHAMBUZI

Ijumaa ya Machi 5, 2021 barua fupi ilitoka Nairobi ikasimamisha biashara ya mahindi ya nchi tatu. Barua hiyo, ya Mamlaka ya Kilimo na Chakula ya Kenya (AFA) kwenda kwa wakuu wa forodha, ilisema mahindi yanayoingia kutoka Uganda na Tanzania yamepimwa na kukutwa na sumukuvu kupita kikomo cha usalama. Kwa hiyo yasiingie tena. Wenye mizigo waliokuwa njiani kuelekea Busia, Malaba na Namanga walijikuta na mahindi yaliyokwisha kulipiwa, yamefunikwa turubai, na hayana pa kwenda.

Zuio lenyewe halikudumu. Baada ya kelele kutoka Kampala na Dodoma, katika muda wa wiki moja Kenya ililegeza na kuweka masharti badala yake: mwagizaji asajiliwe, mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kiwango cha aflatoksini, hati ya asili itaje wilaya au kaunti yalikolimwa mahindi, na kiwango kisizidi sehemu 10 kwa bilioni.

Kilichokosekana katika barua ile ni takwimu. Haikusema ni magunia mangapi yalipimwa, yalichukuliwa mpaka upi, mwezi gani, na ni mangapi yaliyoshindwa. Mfanyabiashara aliyetaka kujua kama mahindi ya Kiryandongo ni mabaya kuliko ya Mbozi, au kama tatizo ni la msimu wa mvua tu, hakuwa na pa kusoma jibu.

Na hapo ndipo penye ajabu ya jambo hili. Sumukuvu, yaani ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka, karanga na mazao mengine, si jambo geni kwa wasomi wa Afrika Mashariki. Aflatoksini, ambayo ndiyo kali kuliko zote, imeandikiwa makala na tasnifu kwa zaidi ya miaka 50. Makerere wameisoma, Nairobi wameisoma, Sokoine kule Morogoro wameisoma, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha imeisoma. Pengine hakuna tatizo la chakula katika eneo hili lililochunguzwa kama hili. Lakini siku malori yaliposimama, utafiti wote huo haukuweza kumsaidia mwenye mzigo hata mmoja kuamua afanye nini.

Makueni mara mbili

Inafaa kurudi nyuma kidogo. Mwaka 1971 jarida la kitabibu la Marekani lilichapisha uchunguzi uliofanywa Uganda, ambao ulipima sampuli 480 za vyakula na kulinganisha aflatoksini iliyomo na wingi wa saratani ya ini katika maeneo mbalimbali ya nchi. Miaka miwili baadaye jarida la Uingereza lilitoa uchunguzi wa namna hiyo kutoka Murang'a, Kenya. Kwa wanasayansi wa dunia zilikuwa kazi kubwa, na mpaka leo hutajwa.

Mwaka 1981 watu 20 wa maeneo ya Makueni, wakati huo ikiwa sehemu ya wilaya ya Machakos, waliugua homa ya manjano ya ini baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Kumi na wawili kati yao walikufa. Taarifa ya madaktari ilitoka mwaka uliofuata katika The Lancet, jarida la London linaloheshimiwa kuliko karibu yote. Kwa upande wa elimu, kazi ilikwisha fanyika: chanzo kilijulikana, mahali palijulikana, na njia ya sumu kuingia kwenye chakula ilijulikana.

Mwaka 2004 yakatokea tena, na mahali ni pale pale. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia zaidi. Safari hii walioorodheshwa kuugua ni 317, na waliokufa ni 125.

Miaka 23 ilipita kati ya tukio la kwanza na la pili. Katika muda huo mkulima wa Makueni aliendelea kuanika mahindi chini, kwenye udongo, na kuyaingiza ndani mabichi mvua inapotishia au wezi wanapozidi. Hakuna aliyemletea The Lancet.

Uchunguzi uliofanywa baada ya vifo vya 2004 ulikuwa na jambo ambalo wafanyabiashara wangepaswa kuambiwa mapema kuliko watu wote. Wapimaji walizunguka katika masoko 65 ya eneo hilo, wakanunua mahindi madukani na vibandani, na asilimia 55 ya sampuli zikazidi sehemu 20 kwa bilioni, ambacho ndicho kilikuwa kikomo cha Kenya wakati ule. Maana yake ni kwamba sumu haikukaa nyumbani kwa mkulima. Ilikuwa sokoni, ikinunuliwa na kuuzwa tena. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2005, kwa Kiingereza, katika jarida la afya ya mazingira la Marekani.

Tanzania nayo ilipata msiba wake mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako watu wapatao 20 walikufa. Hapo tena wataalamu walifika, walipima, wakaandika. Baada ya hapo, na hili ni la kuwapa haki yao, serikali ilianzisha mradi wa TANIPAC wa kudhibiti sumukuvu, na neno lenyewe "sumukuvu" likaanza kusikika redioni. Kabla ya hapo mtu wa kawaida hakuwa hata na jina la kuliitia tatizo.

Kaya na mzigo

Kwa nini basi utafiti mwingi namna hiyo usimfae mtu wa mpakani? Jibu rahisi, ambalo husemwa sana katika vijiwe vya mawakala wa forodha, ni kwamba wasomi hawajali. Jibu hilo si la haki, wala halisaidii. Ukisoma tafiti zenyewe utaona tatizo liko kwingine: swali linaloulizwa chuoni silo linaloulizwa mpakani.

Tafiti nyingi za sumukuvu huanzia nyumbani kwa mkulima. Mtafiti huchagua vijiji, huchagua kaya, huchukua kilo moja au mbili kutoka kila kaya, hupima, kisha huandika kwamba asilimia fulani imezidi kikomo. Ni kazi ya halali, na bila hiyo tusingejua ukubwa wa tatizo. Lakini biashara haiendi kwa kaya, inaenda kwa mzigo. Mlanguzi huzunguka na baiskeli au pikipiki, hununua debe kwa huyu na gunia kwa yule, humwaga pamoja kwenye ghala la mji mdogo, tajiri wa lori hununua kutoka maghala matatu au manne, na mpakani huenda mzigo ukashushwa na kupakiwa kwenye lori la upande wa pili. Mahindi ya wakulima 100 huwa mahindi ya mtu mmoja. Huyo mmoja ndiye anayeshikwa na cheti.

Tuseme lori lina tani 28, magunia 280 ya kilo 100. Kikomo cha sehemu 10 kwa bilioni, ambacho ndicho kimo katika kiwango cha pamoja cha mahindi cha Afrika Mashariki, maana yake ni miligramu 10 katika tani. Katika lori zima sumu isizidi miligramu 280, yaani chini ya theluthi moja ya gramu. Na sumu hiyo haikusambaa sawasawa kama chumvi kwenye maji. Hukaa kwenye punje chache zilizooza, na gunia moja laweza kuwa chafu huku jirani zake 20 wakiwa safi.

Kwa hiyo swali kubwa la mpakani si mashine gani inapima. Swali ni bambo, kile chuma cha kuchomolea nafaka guniani, limechomwa wapi na mara ngapi. Wanasayansi wenyewe wanalijua hili vizuri: sehemu kubwa ya tofauti kati ya kipimo kimoja na kingine cha mahindi yale yale hutokana na namna sampuli ilivyochukuliwa, wala si makosa ya maabara. Ofisa aliyechoma magunia matano ya nyuma, yanayofikika kwa urahisi, anaweza kupata jibu zuri. Mwenzake wa ng'ambo akichoma matano mengine akapata jibu baya. Wote wawili wamefanya kazi yao, wote wana karatasi yenye mhuri, na dereva yuko katikati.

Kuna sheria ya Jumuiya ya mwaka 2006 kuhusu viwango, ubora na upimaji, ambayo ilikusudiwa kuzuia mambo ya kupima mara mbili. Wenye malori wanajua inavyofanya kazi. Cheti cha nchi uliyotoka hupokewa vizuri siku ya amani, na hutiliwa shaka siku ya mgogoro.

Hapo ndipo utafiti ungefaa. Lori la tani 28 lichomwe mara ngapi ili jibu liaminike, na hilo lichukue dakika ngapi kwenye foleni ya malori 60? Mahindi yaliyopakiwa yakiwa na unyevu wa asilimia 13.5 inayotakiwa, yakikaa siku nne chini ya turubai mvua ikinyesha na jua likiwaka, yanafika na unyevu gani? Kuvu hupenda joto la nyuzi 25 hadi 35, na joto la maegesho ya Busia au Namanga mchana halihitaji kuelezwa. Je, kucheleweshwa mpakani kunaweza kuongeza sumu ambayo mpaka huo huo unaizuia? Mzigo ukikataliwa, hasara iwe ya nani: aliyeuza, aliyenunua, au mwenye lori aliyekaa siku tano bila kazi? Haya ni maswali ya kupimika. Lakini kila anayetafuta majibu yake atakuta rundo la tafiti za kaya, na chache sana zilizofuata mzigo mmoja kutoka ghala la kwanza hadi kinu cha mwisho.

Hata Utaratibu Rahisi wa Biashara, uliowekwa kwa ajili ya wafanyabiashara wadogo wenye mzigo usiozidi dola 2,000, una tundu hapa. Mama mwenye magunia 10 hupata hati rahisi ya asili pale pale mpakani. Lakini hati hiyo haimwondolei masharti ya usalama wa chakula, na gharama ya kipimo ni ile ile kwa magunia 10 na kwa magunia 280. Matokeo yake yanajulikana na kila bodaboda wa mpakani: magunia hayo hupita njia ya panya, na hayo hayapimwi na mtu yeyote.

Kibali cha huku na kibali cha kule

Sababu nyingine ni ya ofisi tu. Anayetaka kufanya utafiti Kenya huomba kibali NACOSTI. Tanzania ni COSTECH. Uganda ni UNCST. Kila kimoja kina ada yake, fomu zake na muda wake, na bado kuna kamati za maadili na barua za wilaya. Sampuli ya mahindi ikivushwa mpaka kwenda maabara ya nchi ya pili, nayo inahitaji karatasi. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili mwenye miaka miwili na fedha kidogo hawezi kuyamaliza hayo. Anafanya la busara: anachagua wilaya mbili za nchi yake, karibu na chuo, na utafiti wake unaishia pale lori linapoanza kuingia kwenye foleni.

Haikuwa hivyo siku zote. Kabla ya mwaka 1977 Jumuiya ya zamani ilikuwa na vyombo vyake vya utafiti: kilimo na misitu pale Muguga, samaki wa maziwa Jinja, samaki wa bahari Zanzibar, virusi Entebbe, viuatilifu Arusha. Kulikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki kuanzia 1963 hadi 1970, chenye matawi Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Isisemwe kwamba enzi zile zilikuwa peponi. Vyombo vingi vilirithiwa kutoka kwa mkoloni na vilihangaikia mazao ya kuuza Ulaya kuliko chakula cha wenyeji. Lakini mtafiti wa Muguga alikuwa na haki ya kufuata ugonjwa wa mmea popote ulipokwenda. Jumuiya ilipovunjika, kila nchi ilichukua majengo yaliyokuwa upande wake, na maswali ya pamoja yakabaki bila mwenyewe.

Jumuiya mpya, iliyofufuliwa kwa mkataba wa Novemba 1999, imejenga tena vyombo kadhaa. Baraza la Vyuo Vikuu lipo Kampala, Tume ya Sayansi na Teknolojia ipo Kigali, Tume ya Utafiti wa Afya ipo Bujumbura. Nje ya Jumuiya kuna ASARECA ya Entebbe inayoratibu utafiti wa kilimo tangu 1994. Vingi kati ya hivyo huratibu: huitisha mikutano, hutoa miongozo, huunganisha wataalamu. Chenye maabara, bajeti na watu wa kukaa Mutukula msimu mzima wakipima malori ya pande zote mbili, hicho bado hakijaonekana.

Sekretarieti ya Arusha, kwa mfano, ilitoa mwaka 2018 mfululizo wa maandiko ya sera kuhusu sumukuvu. Ni maandiko mazuri, yamegusa afya, mifugo, biashara, hata namna ya kutumia mahindi yaliyoharibika. Yaliandikwa miaka mitatu kabla ya barua ya AFA. Kama kulikuwa na mtu Busia aliyeyasoma, basi aliyatafuta mwenyewe.

Anayelipa ndiye anayeuliza

Fedha nazo zina kauli yake. Mwaka 2006 nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana kila moja itenge asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Nchi zetu hazijafika huko. Sehemu kubwa ya utafiti wa sumukuvu imelipwa na wafadhili wa nje, na mfadhili ana haki ya kuuliza swali lake. Kwa kuwa wafadhili wengi walikuwa wa afya na wa kilimo, maswali yakawa ya lishe ya watoto na ya shamba. Biashara ilitajwa kwenye utangulizi.

Mhadhiri naye ana mwajiri. Hupandishwa cheo kwa idadi ya makala katika majarida yanayotambulika, na mengi kati ya hayo yako nje na hulipiwa ili kusomwa. Kurasa mbili za Kiswahili zilizobandikwa kwenye ukuta wa chama cha wasafirishaji hazimwongezei chochote. Jumuiya ilikubali Kiswahili kiwe moja ya lugha zake rasmi mwaka 2021, mwaka ule ule wa zuio, lakini hilo halijabadili namna profesa anavyohesabiwa kazi yake.

Kisha ikaja 2025. Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada mwezi Januari, na ilipofika Julai 1 shirika la USAID, lililokuwa mfadhili mkubwa wa kazi za chakula katika eneo hili, lilikuwa limefungwa na mabaki yake kupelekwa wizara ya mambo ya nje. Maabara za vyuo vya Marekani zilizokuwa zikishirikiana na vyuo vyetu katika mpango wa Feed the Future zilikatiwa mikataba. Hata FEWS NET, ambayo wafanyabiashara wengi wa nafaka waliitumia kutazama bei na mavuno ya jirani, ilitoweka kwenye intaneti mwezi huo wa Januari kabla ya kurudi kwa sehemu baadaye. Wengi waligundua siku ile tu kwamba habari za mahindi ya Afrika Mashariki zilikuwa zikilipiwa Washington.

Wafanyabiashara nao

Lawama isiishie chuoni. Mtafiti anayefika mpakani na dodoso lake hupokewa kama mtu wa mapato. Anaambiwa mzigo ni mdogo kuliko ulivyo, umetoka karibu kuliko ulikotoka. Akiomba kuchoma magunia kwa bambo apime bure, mwenye mzigo hukataa, na ana sababu: jibu baya likivuja, nani atamlipa? Kwa hiyo takwimu za mizigo huwa haba, na mahali penye takwimu haba ofisa huamua kwa kuhisi. Walioumia Machi 2021 ndio hao hao ambao kwa miaka mingi hawakutaka kupimwa.

Lakini inawezekana kufanya vingine, na mifano ipo. Uganda, kupitia ofisi yake ya takwimu na Benki Kuu, imekuwa ikiweka watu kwenye mipaka kwa miaka mingi kuhesabu biashara isiyo rasmi: baiskeli, mizigo ya kichwani, mikokoteni. Haikuwa zoezi la jarida. Serikali ilitaka kujua fedha za kigeni zinaingia wapi, ikauliza, ikapata namba ambazo sasa hutumiwa na kila mtu. Kwa upande wa shamba, dawa ya Aflasafe, iliyotengenezwa na taasisi ya IITA na washirika wake kwa kutumia kuvu wa kienyeji wasio na sumu, iliidhinishwa Kenya mwaka 2015 na Tanzania 2018. Na uchunguzi mmoja wa Kenya uliochapishwa 2019 ulionyesha kuwa mafunzo pamoja na vifaa vya kukaushia na kuhifadhia vilipunguza sumu kwa zaidi ya nusu, na kwamba kazi kubwa ilifanywa na maturubai ya kuanikia. Turubai tu, si mtambo.

Lakini hata hapo utafiti unagota kwenye ghala la kwanza. Mkulima aliyetumia Aflasafe na kuanika kwenye turubai ametumia fedha. Mahindi yake yakimwagwa pamoja na ya jirani aliyeanika kwenye vumbi, bei ni moja. Msimu unaofuata hatarudia. Kinachotakiwa ni mnunuzi anayelipa zaidi kwa mzigo safi, na mnunuzi huyo atakuwepo tu kama kipimo cha kupakilia kitaaminika ng'ambo. Mambo yanarudi pale pale kwenye bambo.

Ipo njia ambayo biashara za nchi nyingine huitumia na isiyohitaji uvumbuzi: sampuli ichukuliwe wakati wa kupakia, mbele ya pande mbili, igawanywe, sehemu moja ipimwe na nyingine ifungwe kwa lakiri isafiri na mzigo. Kukitokea ubishi mpakani, inafunguliwa ile ya lakiri. Kuijaribu katika njia moja, tuseme kutoka kaskazini mwa Uganda hadi vinu vya Nairobi, kwa msimu mmoja, na kutangaza matokeo yote mazuri na mabaya, ni kazi ambayo vyuo viwili na chama kimoja cha wasafirishaji wangeweza kuifanya. Baraza la Nafaka la Afrika Mashariki, lenye makao Nairobi, lina wanachama wa pande zote tatu wa kutoa malori hayo. Kenya isingepaswa kuogopa matokeo hayo kuliko wenzake. Ilikwisha kuonja ya kwake Novemba 2019, shirika lake la viwango liliposimamisha chapa tano za unga wa sembe kwa sumu hiyo hiyo, na Januari 2020 likaongeza nyingine 17.

Na isidhaniwe kwamba ya 2021 yamepita. Mwaka 2023 Sudan Kusini, mwanachama wa Jumuiya tangu 2016, ilizuia malori ya mahindi na unga ya Uganda yaliyoingia Nimule kutokea Elegu, kwa madai ya sumukuvu. Ubishi ulikuwa ule ule: maabara ya huku yasema hivi, maabara ya kule yasema vile. Madereva walikaa kwenye maegesho wakingoja mawaziri wakubaliane, na mahindi yakakaa nao.

Mavuno ya kwanza ya Uganda huanza kuingia sokoni kuanzia Juni, pamoja na ya nyanda za juu kusini mwa Tanzania, wakati Kenya ikiwa bado inasubiri ya Bonde la Ufa ya Oktoba. Ndiyo miezi ambayo malori huwa mengi zaidi Busia na Namanga. Mtafiti anayetaka kupanda kwenye lori moja Kiryandongo na kushuka nalo kwenye kinu cha Nairobi, akipima unyevu kila kituo, bado atalazimika kupeleka ombi lake katika ofisi mbili, moja Kampala na moja Nairobi, na kulipa ada mara mbili.